Mashine ya Sikio Inapounganishwa na Simu

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa kuwa vikundi kadhaa viliomba nakala ya kusoma katika mikutano yao.)

Asanteni kwa uji na kwa viazi. Hatutasema kwa muda mrefu sana, maana tunaona mawingu huko mlimani na wengine wenu mmeanika mahindi.

Tuliombwa tuzungumze juu ya mashine za masikio, hizi za siku hizi zinazoshikana na simu. Katibu alitueleza sababu bila kuficha, na ametuambia tunaweza kuisema hapa. Katika kikundi kimoja cha hapa karibu kuna mama mzee, mwanachama tangu kikundi kilipoanza. Kwa miaka mingi amekuwa akikaa mstari wa mbele na kuangalia midomo ya watu, kwa sababu masikio yake yamechoka. Watoto wake walichanga wakamnunulia mashine mbili nzuri, za masikio yote, zinazoungana na simu. Mkutano wa kwanza alifurahi mpaka akalia. Mkutano wa pili mwanachama mmoja alisimama akasema, "Hiyo kitu inanasa maneno yetu na kuyapeleka kwa mtoto wake Nairobi. Sisi hapa tunataja madeni ya watu." Basi wakapiga kura, na mama akaambiwa avue mashine kabla ya kitabu cha mikopo kufunguliwa. Alivua. Alikaa saa mbili hivi bila kusikia neno, na siku hiyo ndiyo waliyopanga wadhamini. Jina lake liliandikwa, akatia kidole, akawa mdhamini wa mkopo ambao hakusikia ni wa nani wala ni wa pesa ngapi.

Hatukuja kuwahukumu hao watu. Mtu akiogopa siri ya kikundi itoke, ameogopa jambo la haki, kwa sababu kikundi kikipoteza uaminifu kimekwisha. Lakini hebu tuangalie pamoja: hofu hiyo iko mahali pake au iko kando?

Mashine ya sikio ina maikrofoni ndogo, ina kikuza sauti, na ina spika ndogo sana inayoelekea ndani ya sikio. Sauti ikiingia inapimwa. Ile ambayo sikio la huyo mtu halishiki vizuri inaongezwa nguvu, ile kali inayoumiza inapunguzwa, kisha yote inapelekwa ndani. Kazi hiyo inaisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Baada ya hapo ile sauti imekwenda, haikuwekwa mahali. Mashine ya kawaida ya sikio haina kazi ya kurekodi watu wakizungumza, na ukiipeleka kwa fundi aifungue hatapata humo maneno ya mkutano wenu wa jana.

Kitu kinachowekwa ndani yake ni hesabu. Inahesabu saa ilizovaliwa kwa siku, na kama mwenyewe alikuwa mahali penye utulivu au penye kelele, na kama alipandisha sauti au aliishusha. Mtaalamu wa masikio anaiunganisha na kompyuta yake na kuzisoma hesabu hizo, zinamsaidia kuirekebisha. Tumemwona mzee mmoja akimwambia mtaalamu kwamba huvaa mashine yake tangu asubuhi mpaka kulala, na kompyuta ikasema ni saa mbili kwa siku. Mzee alikasirika, akauliza ni nani aliyemwekea askari sikioni! Tulicheka, lakini kwa kweli mzee alikuwa na haki. Angeambiwa siku ya kwanza alipopewa kwamba mashine inahesabu. Kumwambia mtu jambo la namna hiyo hakugharimu chochote.

Sasa tuje kwenye simu. Kuanzia mwaka 2014 zilianza kuuzwa mashine za sikio zinazoshikana moja kwa moja na simu za iPhone. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilitangaza njia yake kwa ajili ya simu za Android, na mwaka 2020 ikatangazwa njia nyingine mpya ya Bluetooth iliyotengenezwa pia kwa kufikiria watu wenye shida ya kusikia. Zote zinafanya jambo moja: simu inapeleka sauti kwa redio hadi sikioni bila waya, kwa umbali wa kama mita 10 hivi. Mtu akipigiwa simu anasikia mle ndani ya sikio. Na katika simu kuna programu ya kupandisha na kushusha sauti, au ya kuchagua namna ya kusikia, mahali pa kelele au pa utulivu.

Na hapa ndipo maneno ya yule mwanachama aliyesimama yana ukweli kidogo. Simu nyingine zinaweza kugeuzwa kuwa maikrofoni. Unaiweka mezani karibu na anayesema, wewe unakaa mbali, na sauti yake inakufikia sikioni. Kwa mtu mwenye shida ya kusikia hiyo ni baraka, hasa katika ukumbi wa mabati mvua ikinyesha. Lakini mtu anaweza pia kuiacha simu mezani, akatoka nje kama anayeenda haja, akasimama chini ya mwembe na kusikia mnamsema vipi. Mambo hayo yamewahi kuzungumzwa sana ng'ambo, kwa sababu tangu 2018 simu za iPhone zinaweza kufanya hivyo hata na zile spika za masikioni za kusikilizia muziki. Yaani anayefanya ujanja huo hahitaji kuwa na shida yoyote ya masikio. Kijana wa miaka 20 anaweza kuufanya. Na kurekodi ndiyo rahisi kabisa: karibu kila simu ya kugusa inarekodi, hata ikiwa mfukoni.

Tuliwauliza wale viongozi: siku ile mlikuwa watu wangapi? Wakasema 18. Simu za kugusa zilikuwa ngapi? Wakahesabu wakapata 11. Ni nani aliyeambiwa atoe simu nje? Hakuna. Waliyevuliwa ni mama mmoja, tena kitu chenyewe ndicho kisichorekodi. Mashine yake ingefanya kazi ya kusikia hata simu ikiwa imeachwa nyumbani kabatini. Mashine haihitaji simu ili mtu asikie mtu aliye mbele yake, na jambo hili tunaomba mlishike kuliko mengine yote ya leo.

Tunawasifu wale viongozi, hawakuona haya. Walirudia kile kikao cha wadhamini, mama akiwa amevaa mashine zake, na aliposikia ni mkopo wa nani alikataa kumdhamini. Kisha waliongeza maneno machache katika katiba ya kikundi, na tunayasoma hapa kwa ruhusa yao kwa sababu yameandikwa vizuri. Wameandika kwamba kifaa cha kusikia ni kama miwani na mkongojo, hakivuliwi mkutanoni. Simu inayotumiwa kama maikrofoni itawekwa juu ya meza mbele ya wote, na mwenyewe atasema kwamba imewashwa. Mwenye simu akitoka nje, simu inatoka naye. Mtu hatarekodi kikao mpaka wanachama wamekubali, na kukubali kwao kuandikwe katika kumbukumbu. Ni hayo tu. Hayakuhitaji wakili.

Lakini siri haiko katika kikundi tu. Huyo mzee mwenye mashine naye ana siri zake, na tunaona huko ndiko watu wanakosahau kabisa.

Nyumba nyingi zetu simu ya kugusa ni moja, na ni ya kijana. Masikio ni ya nyanya. Kijana anaiunganisha simu yake na mashine za nyanya kwa nia njema, halafu anapigiwa simu na msichana wake, na sauti ya msichana inaingia masikioni mwa nyanya aliyeketi jikoni akichambua maharagwe. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba yule aliye na programu katika simu yake ndiye mwenye usukani. Anaweza kushusha sauti ya mashine au kuizima kabisa huku mwenyewe hajui kwa nini dunia imenyamaza ghafla. Tulikutana na mzee ambaye alidhani mashine yake imekufa kila jioni, na kumbe ni mjukuu wa miaka sita anayechezea simu ya baba yake. Kwa hiyo, kama inawezekana, mashine iunganishwe na simu ya mwenyewe. Kama haiwezekani, mashine nyingi zina kibonye, au unaweza kupata rimoti ndogo ya kutundika shingoni ambayo haihitaji simu wala intaneti. Muulizeni mtaalamu habari ya rimoti hiyo, kwa kuwa wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Kuna wanaotuuliza: je, programu hizi zinaonyesha mahali mtu alipo? Nyingi zina kazi ya kutafuta mashine iliyopotea. Inaonyesha katika ramani mahali simu na mashine zilipoachana mara ya mwisho. Hiyo haimfuati mama kila anakokwenda kama simu haiko naye. Lakini kama simu iko naye, na mtu mwingine anajua nambari yake ya siri, basi huyo mtu anaweza kuifungua na kuona. Tena tangu 2018 kuna mashine zinazohesabu hatua za mwenyewe, na baadaye zikaongezewa kazi ya kutambua akianguka na kutuma habari kwa watu aliowachagua. Kwa mzee anayeishi peke yake ni kitu kizuri sana. Ila awachague yeye mwenyewe, wasichaguliwe na anayenunua. Tunasema hivi kwa sababu nyumba zote si za amani, na nyinyi akina mama mnatuelewa.

Programu ikikuomba ruhusa, isome au usomewe. Simu za Android za zamani, kabla ya toleo la 12 lililotoka 2021, zilikuwa zinalazimisha programu kuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo ili tu itafute kifaa cha Bluetooth. Kwa hiyo ukiona ombi hilo usishtuke, si lazima kuwe na ujasusi. Lakini ikikuomba majina ya watu wote walio katika simu yako, au picha zako, uliza ni za nini. Sikio halihitaji picha za harusi.

Turudi kwa watoto kidogo, maana hapa kuna walimu. Mtoto mwenye shida ya kusikia akiwa darasani, mara nyingi mwalimu hupewa maikrofoni ya kuvaa shingoni, na sauti yake inakwenda moja kwa moja sikioni mwa mtoto hata akiwa nyuma ya darasa. Kifaa hicho kimesaidia watoto wengi sana. Shida ni kwamba mwalimu anasahau kukizima. Anatoka nacho, anaingia ofisi ya walimu, na huko anasema kwamba mtoto wa fulani ni mzito wa kichwa, au anasema juu ya karo ya fulani ambayo haijalipwa, na mtoto ameketi darasani anasikia kila neno. Anaweza kwenda nacho hata chooni! Walimu wanaovitumia vifaa hivi wanalijua jambo hili vizuri sana, muwaulize. Zile za zamani za FM zilikuwa na shida zaidi, kwa kuwa mtu mwingine yeyote mwenye redio ya kupokea masafa hayo angeweza kusikia. Za sasa za dijitali zinarukaruka katika masafa, na si rahisi kuzidaka. Lakini hakuna dijitali itakayomkumbusha mwalimu kuzima. Tumeona shule moja ambayo mtoto mwenyewe amepewa kazi hiyo: mwalimu akiukaribia mlango, mtoto anainua mkono na kujigusa shingo. Mtoto ana miaka tisa na hajasahau hata siku moja.

Karibu jambo hilohilo lipo katika kumbi na makanisa. Kuna waya unaozungushwa chini ya sakafu au kando ya ukuta, unaotoa nguvu ya sumaku, na mwenye mashine anaiweka kwenye herufi T na kusikia maikrofoni ya mbele bila kelele za ukumbi. Ni teknolojia ya zamani na ni nzuri, haihitaji simu, haihitaji kuunganishwa na kitu. Ila sumaku haijui ukuta. Inavuka ikaingia chumba cha pili. Ukiwa na waya wa namna hiyo katika ofisi ambako watu wanakuja kueleza shida zao, mwenye T akiwa amekaa nje kwenye benchi anaweza kusikia yote. Njia mpya ya Bluetooth ya kutangazia watu wengi kwa pamoja, inayoitwa Auracast, inaweza kuwekwa wazi kwa kila mtu au kufungwa kwa nambari ya siri. Kwa ibada na baraza acheni wazi. Kwa ushauri wa faragha ifungwe.

Wadukuzi je? Tuliulizwa habari yao kabla hata hatujakaa. Ni kweli kwamba Bluetooth imewahi kupatikana na matundu. Mwaka 2019 wataalamu walionyesha namna ya kuudhoofisha ufunguo ambao vifaa viwili hukubaliana wakati wa kuungana, na viwanda vikaziba. Mwaka 2025 wataalamu wa Ujerumani walionyesha udhaifu katika kifaa kidogo cha ndani kilichotengenezwa na kampuni ya Airoha na kutumiwa katika spika za masikioni za majina makubwa kadhaa. Mtu aliye karibu, katika zile mita 10, na mwenye ujuzi mwingi, angeweza kuingia bila kuombwa ruhusa, hata kusikiliza kupitia maikrofoni. Hizo zilikuwa spika za muziki, lakini mlango ni wa namna ileile. Dawa yake ni programu mpya ya ndani ambayo kiwanda hutoa, na inafika katika kifaa kupitia programu ya simu. Sasa fikirini: mama ambaye mtoto wake aliweka programu siku ya kwanza, kisha akarudi Nairobi na simu yake, huyo mama hatapata dawa hiyo kamwe. Hatumtishi. Mdukuzi mwenye ujuzi huo hana haja ya kupanda mpaka huku kwetu kusikiliza bei ya kabichi. Tunasema tu kwamba mashine ikipelekwa kwa mtaalamu kurekebishwa, mwambieni aangalie pia kama kuna toleo jipya. Ni kazi ndogo kwake.

Jambo linalotuhangaisha zaidi ni kampuni zenyewe. Programu nyingi zinataka ufungue akaunti, na habari za sikio lako zinakwenda kukaa katika kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Mnamo Septemba 2019 kampuni ya Demant ya Denmark, ambayo ni mojawapo ya zile kubwa duniani zinazotengeneza mashine za sikio, ilivamiwa katika mitambo yake ya kompyuta. Viwanda vyake katika nchi mbalimbali vilikwama, na baadhi ya kliniki zake zikashindwa kuhudumia watu kama kawaida. Kampuni ilikadiria hasara ya kroner milioni 550 hadi 650 za Denmark. Kwa hiyo mtu aliye mbali kabisa, ambaye hajui hata Denmark iko wapi, anaweza kukosa mashine yake kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi huko.

Sheria yetu iko upande wenu, na ni vizuri mjue maneno yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, hata faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na usikivu wako ni afya yako. Una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, ya kusahihisha zilizokosewa, na ya kudai zifutwe zile za uongo au za kupotosha. Zikitolewa nje ya Kenya, habari nyeti zinahitaji kibali chako na hakikisho kwamba zitalindwa. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi. Ukiona umekosewa unaweza kumpelekea malalamiko Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na ukienda kwa mdomo ni kazi yao kuyaandika. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Tunataja jambo la mdomo kwa makusudi, kwa sababu wako watu hapa wasioandika na ambao huambiwa kila mahali waende wakajaze fomu kwanza.

Kwa hiyo mkipewa mashine, hata za bure, hata kama aliyezileta amekuja na kamera na fulana, mna ruhusa ya kuuliza: jina langu na kipimo changu vinakwenda wapi? Msaada haumnyimi mtu haki hiyo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana shida ya kusikia kwa kiasi fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Wengi wao wako katika nchi kama zetu. Mtu akiwa na njaa ya kusikia, atatia sahihi chochote. Ndiyo maana tunasema hapa, mapema, wakati hamna haraka.

Sasa matumizi. Tutapita upesi, mengi mnayajua. Kabla ya kununua mashine inayoungana na simu, chukueni ile simu yenyewe mtakayotumia muende nayo. Si kila simu inakubali. Simu nyingi za bei nafuu hazikubali kupeleka sauti moja kwa moja, hata kama Bluetooth ipo, na kabambe ya mulika mwizi ndiyo usahau kabisa programu. Kama huna simu inayokubali, usilipie kazi ambayo hutaitumia, nunua mashine nzuri bila hiyo. Betri: zile ndogo za mviringo zina rangi kwenye karatasi yake. Nambari 10 ni ya manjano, 312 kahawia, 13 ya machungwa, 675 bluu. Ukishaibandua karatasi subiri dakika moja au mbili hewa iingie kabla ya kuifunga ndani, na usiibandue kabla ya siku ya kuitumia. Mazungumzo ya simu na muziki yanakula betri haraka, kwa hiyo anayesikiliza redio ya simu siku nzima asilaumu duka. Za kuchaji zinahitaji umeme kila usiku. Kama mwanga wenu ni wa sola, jaribuni kama chaja inafanya kazi na sola hiyo kabla hamjalipa, si baada. Na hizi betri ndogo watoto wasizifikie kamwe. Mtoto akiimeza ni hospitali mara moja, siyo kungojea kesho.

Programu nyingi ni za Kiingereza, maandishi madogo, na alama ambazo kidole chenye sugu hakizigusi vizuri. Hapo siri na urahisi vinakutana, maana mzee asiyeweza kuendesha mashine yake mwenyewe analazimika kumpa mtu mwingine nambari yake ya siri. Kaeni naye. Mfundisheni vitu viwili tu: kupandisha na kushusha sauti, na kukata simu isiingie sikioni. Mengine ataomba akitaka. Akaunti ifunguliwe kwa nambari yake, si ya kijana wa saiba, kwa sababu vijana hao wanahama na duka linafungwa. Nenosiri liandikwe katika karatasi liwekwe pamoja na hati ya shamba. Wataalamu wengine wa mjini wanakataza kuandika, lakini sisi tunaona karatasi iliyofungiwa sandukuni ni salama kuliko neno "1234."

Kulikuwa na swali lililoandikwa katika kikaratasi, halina jina, nasi tutalijibu ndipo tuondoke. Mwandishi anauliza kama mashine za marehemu baba yake anaweza kumpa jirani. Unaweza, mama au baba uliyeandika, lakini usimpe mkononi hivi hivi. Zimepimwa kwa sikio la baba yako, na zinaweza kumpa jirani sauti kubwa mno ikamharibia hata kile kidogo alichobaki nacho. Kwanza fungua ile programu katika simu, uziondoe mashine, kisha uifute akaunti ya baba. Katika orodha ya Bluetooth ya kila simu iliyowahi kuungana nazo, bonyeza zisahauliwe. Halafu mpeleke jirani pamoja na mashine kwa mtaalamu. Apimwe masikio, mtaalamu afute hesabu za baba yako na kuweka za jirani, na sehemu inayoingia sikioni itengenezwe mpya. Na uulize kwanza kama kliniki hiyo ina programu ya kampuni iliyozitengeneza, kwa maana kila kampuni ina yake, na kliniki isiyo nayo haitaweza kuzifungua. Piga simu uulize kabla ya kulipa nauli ya watu wawili.